Sukari Iliyogeuza Mwanga Kushoto

Kwanza nilisikia kijiko. Kiligonga kioo mara tatu, kikanyamaza, kikagonga tena. Nilikuwa nimesimama nje ya maabara ya shule, pale Gitega, ufunguo mkononi, na mlango ulikuwa umefungwa. Mtu alikuwa akikoroga chai ndani ya maabara yangu. Ukutani humo nilikuwa nimebandika karatasi niliyoiandika kwa mkono wangu: HAPA HAKUNA KULA, HAKUNA KUNYWA. Nikafungua kwa ile hasira tamu ya mtu anayejua kwamba haki iko upande wake.

Hapakuwa na chai. Palikuwa na giza, kwa sababu mapazia meusi yalikuwa yameshushwa, na katikati ya giza taa ndogo ya spiriti yenye mwali wa njano. Nyuma ya mwali, mwanamke mmoja mrefu, kitenge amekifunga juu ya sketi isichafuke, alikuwa anakoroga sukari ndani ya glasi ya maji. Hakugeuka kuniangalia.

"Funga mlango, mzee," alisema. "Mwanga unaingia."

Maneno hayo yalikuwa yangu. Nilikuwa nimewaambia walimu, wanafunzi, wakaguzi, na hata padri mmoja aliyekuja kubariki jengo. Hakuna aliyewahi kuniambia mimi. Niliufunga.

Nyinyi mnaopokea funguo za maabara leo, mmeniomba niwaandikie kitu cha kuwafaa kazini. Najua mnataka kanuni. Kanuni ziko vitabuni, na vitabu viko kwenye kabati la kushoto, rafu ya juu, isipokuwa kile kilicholiwa na mchwa. Mimi nitawaandikia kuhusu sukari.

Lakini kwanza mwanga, maana bila huo hamtaelewa kwa nini niliharibu siku ya mtu.

Mwanga hutikisika unaposafiri, kama kamba ambayo watu wawili wameishika, mmoja huku na mwingine kule. Kamba inaweza kutikisika juu na chini, au kulia na kushoto, au kwa mshazari wowote. Kuna vichujio, vipande vya plastiki vyenye rangi ya moshi, ambavyo hupitisha mtikisiko wa mwelekeo mmoja tu. Weka kichujio kimoja mbele ya taa, kisha cha pili, halafu kizungushe hicho cha pili polepole. Mwanga unafifia, unafifia, unazimika. Hapo vichujio vimekatana kama msalaba. Sasa ingiza kitu katikati yake. Mwanga ukirudi, ujue kitu hicho kimeugeuza mtikisiko wake njiani. Wenye vitabu huyaita mambo haya polarizasioni. Mimi niliyaita kugeuza mwanga, na kwa miaka yote ya kazi yangu haukuwahi kukataa kugeuka kwa sababu ya jina.

Tulikuwa na vifaa vitatu vya kuugeuza.

Kimoja kilikuwa koili: waya wa shaba umezungushiwa chuma chenye tundu, na ndani ya tundu kipande cha kioo kizito. Ukipitisha umeme, kioo kinageuza mwanga. Ukibadilisha nyaya, unageukia upande wa pili. Ni kifaa chenye adabu, kinatii. Tatizo ni kwamba kinatii kidogo: kinaugeuza mwanga kiasi ambacho mkono mrefu wa saa husogea kwa dakika moja, na kwa kidogo hicho kinadai betri ya gari. Siku moja betri yetu ilikuwa imeisha nguvu, nikaazima ya gari la mkurugenzi. Niliazima bila kumwambia, kwa sababu alikuwa mkutanoni na mimi sipendi kukatiza mikutano. Jaribio lilikwenda vizuri sana. Gari halikwenda. Jioni ile mkurugenzi alifika harusini Makebuko nyuma ya baiskeli, akiwa na suti nyeupe.

Nilipata barua ya kuomba maelezo. Kwetu barua hiyo ina swali la mstari mmoja na nafasi kubwa tupu ya kujibia. Nafasi hiyo ndiyo inayotisha. Barua tatu zikikaa kwenye faili lako, unahamishwa. Hiyo ilikuwa ya kwanza.

Kwa kazi yenu shikeni hili: koili msiiwashe zaidi ya kuhesabu hadi ishirini. Mkisikia harufu ya vanishi, mmeshachelewa.

Kifaa kingine kilikuwa kioo cha mashine ya kuhesabu, kile kidirisha kinachoonyesha namba. Ndani yake, kati ya vioo viwili vyembamba, kuna majimaji ambayo chembe zake zimejipanga kama ngazi ya kuzunguka, na mwanga ukipita unageuzwa robo ya duara. Tia umeme kidogo, wa betri ya saa tu, ngazi inanyooka na mwanga haugeuki tena. Hapo ndipo namba zinapotokea nyeusi. Kifaa hiki nilikipata kwa sekretari wetu, Madamu Beatrisi.

"Baba Zuena," aliniambia, "we angalia hii mashine. Kama imekufa, chukua vipande. Kama iko mzima, unirudishie."

Niliibonyeza, haikuwaka. Nikaibonyeza tena kwa saa nzima, maana mimi ni mtu wa haki. Nikaifungua, nikatoa kidirisha, nikakata pembe zake kitoshe kati ya vichujio. Mashine ile ilikuwa ya kutumia mwanga wa jua. Nami nilikuwa nimeijaribu katika chumba cha giza.

Hiyo ilikuwa barua ya pili.

Kifaa cha tatu kilikuwa cha zamani kuliko vyote na hakikuwa na waya hata mmoja: mrija wa kioo, urefu wa shubiri, umejazwa maji ya sukari. Sukari yenyewe ndiyo inayogeuza mwanga. Inaugeuza kulia, siku zote kulia, na ukizidisha sukari unageuka zaidi. Mrija huo niliurithi kwa Bwana Simeoni, aliyenifundisha kazi hii ya kutunza maabara. Wakati wa vita alikuwa ameuficha ndani ya soksi, soksi ndani ya kiatu, kiatu juu ya dari. Amani iliporudi alipanda ngazi, akashusha kiatu, akapuliza vumbi, akaunyanyua mrija dirishani.

"Bon, haya," alisema. "Tulikuwa tumefika wapi?"

Bwana Simeoni ndiye aliyenifundisha kutia chumvi kwenye utambi wa taa ya spiriti ili mwali uwe wa njano mtupu, kwa sababu kila rangi hugeuka kwa kiasi chake na rangi zikichanganyika huwezi kusoma pembe. Kwa hiyo maabara yetu ilikuwa na chumvi kwenye taa na sukari kwenye mrija, na mpishi wa shule alikuwa akituangalia vibaya. Na ndiye aliyenifundisha sheria ya siku ya mtihani.

"Siku ya mtihani we ni meza," alisema. "Ulishaona wapi meza inasema?"

"Sijaona."

"Basi. Mkaguzi akikosea, we ni meza. Mwalimu akikosea, we ni meza. Nyumba ikiwaka moto, unaweza kukohoa."

Sasa turudi kwa yule mwanamke wa kijiko.

Jina lake ni Godeliva. Alizaliwa Giteranyi, kule juu Muyinga karibu na mpaka, akavuka kwenda Tanzania mgongoni mwa mama yake. Huko akakua, akasoma, akafundisha fizikia katika kambi ya wakimbizi. Watu walipoanza kurudi, naye akarudi, na shule moja ya Muyinga ikampa darasa kwa muda. Lakini vyeti vyake vilikuwa vya Kiswahili na Kiingereza, na ofisi inayosoma vyeti ilikuwa inasoma Kifaransa. Mwishowe ikaamuliwa afanye mtihani wa vitendo mbele ya wakaguzi watatu. Akifaulu, anathibitishwa kuwa mwalimu. Akishindwa, anarudisha chaki. Swali alipewa mapema, likiwa limeandikwa kwa herufi nzuri: alinganishe vifaa vitatu vinavyogeuza polarizasioni ya mwanga. Shule yake haikuwa na hata kimoja. Ndiyo sababu mkurugenzi wetu alimpa ufunguo wa akiba na majuma mawili ya kujizoeza kwangu.

"Na ukishindwa?" nilimuuliza siku ile ya kwanza, kwa sababu bado nilikuwa na hasira ya mlango.

"Kaka yangu ameshaninunulia jembe," alisema. "Ameliegemeza mlangoni ili nilione kila ninapotoka."

Sikumpenda haraka. Alikuwa na kile Kiswahili cha ng'ambo, kilichonyooka kama kimepigwa pasi, na alinisahihisha mbele ya wanafunzi.

"Ile chupa iko na maji," mimi husema.

"Chupa ile ina maji," yeye husema.

"Maji ni yale yale, mwalimu."

"Ndiyo, Baba Zuena. Na chupa ni ile ile. Ni wewe tu uliyetofautiana nayo."

Lakini alikuwa na mkono mzuri. Mnajua maana yake. Kuna watu wanashika kifaa kana kwamba kinawadharau, na wengine kana kwamba kitawauma. Yeye alishika mrija kama mtu anavyoshika mkono wa mgonjwa, akasubiri. Na alikuwa na tabia moja iliyoniudhi kabla sijaielewa. Kila pembe aliyoisoma aliiandika daftarini kwa kalamu ya wino, palepale, kabla ya kufikiri kama ni sawa.

"Andika kwa penseli," nilimwambia. "Ukikosea utafuta."

"Ndiyo maana siandiki kwa penseli."

Juma la pili sukari ilimkataa. Tulikuwa tunatengeneza maji mazito ya sukari na kuyaweka kwenye chupa, kisha kila siku tunapima kiasi, tunaongeza maji, tunajaza mrija. Asubuhi moja tukakuta chupa imejaa punje chini mpaka katikati, ngumu kama changarawe, na juu yake maji ambayo hakuna aliyejua yamebakiwa na sukari kiasi gani. Godeliva aliitikisa, akaiweka mezani.

"Muyinga ikitokea hivi mbele yao, watasema mtu wa kambi hajui hata kukoroga sukari," alisema. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayesoma orodha. Kisha akaenda kuosha glasi ambazo zilikuwa safi.

Nilirudi nyumbani adhuhuri. Mke wangu, Mama Zuena, alikuwa jikoni anapika kaimati za maulidi. Mama yake alitoka Ujiji, na kaimati zao ni za Ujiji: zinang'aa, zimefunikwa na shira isiyowahi kuganda. Nimezila kaimati hizo tangu nimwoe na sikuwahi kuzifikiria.

"Mama Zuena, kwa nini shira yako haigandi?"

Aliniangalia kama nimeuliza jina lake.

"Miaka yote unakula, leo ndo unauliza?"

"Leo iko na kazi ya serikali."

"Ndimu," alisema. "Unakamua ndimu, unaacha ichemke polepole, hausumbui. Bila ndimu unapata mawe. Serikali haikujua?"

Serikali haikujua. Niliweka sufuria yangu pembeni ya jiko la makaa, sukari, maji, ndimu mbili. Nikaiacha ichemke taratibu tangu swala ya adhuhuri mpaka alasiri, nikiongeza maji yalipopungua. Nikachuja kwa kitambaa mara mbili. Ilikuwa na unjano kidogo, lakini taa yetu ni ya njano, nani angeuona? Nikajaza chupa mpya, nikaandika SUKARI, nikaificha nyumbani. Siku tano zilipita na haikushika hata punje moja.

Niliijaribu kwenye mrija? Sikuijaribu. Sukari ni sukari. Nilimwambia Godeliva habari ya ndimu? Sikumwambia. Nilitaka afungue chupa mbele ya wakaguzi aikute safi, ashangae, ajue baadaye kwamba kuna mzee mmoja Gitega ambaye Kiswahili chake hakijapigwa pasi lakini kichwa anacho. Mnapoona katika kazi yenu kwamba mnatengeneza zawadi, simameni. Rudini mkapime.

Nilikwenda Muyinga kwa gari la shule, sanduku la vifaa mapajani, chupa ya sukari ndani ya koti langu. Chumba cha mtihani kilikuwa darasa, madirisha yameninginizwa mablanketi, na meza tatu za wakaguzi mbele. Mwenyekiti wao alikuwa mwanamume mzee mwenye tai, mpole, wa aina ile ambayo upole wake unakuchosha. Kushoto kwake alikaa mwanamke mnene kutoka Gishubi, tuliyemwita Mama Mkaguzi, aliyekuwa anacheka kwa mabega tu. Wa tatu alikuwa anaandika. Sijui sauti yake mpaka leo. Mezani walikuwa wamewekewa chai ndani ya chupa ya moto, na kibakuli cha sukari.

Mimi nilisimama nyuma, ukutani. Nilikuwa meza.

Godeliva alianza kwa Kifaransa, kile alichokikariri kwangu kila jioni mpaka nami nikakijua. Koili ilifanya kazi. Alihesabu hadi kumi na tano akaizima, na mwenyekiti akaandika kitu kizuri, nilijua kwa jinsi kalamu ilivyokwenda bila kusita. Kidirisha cha mashine ya kuhesabu kilifanya kazi pia, cheusi, cheupe, cheusi. Mama Mkaguzi aliomba kubonyeza mwenyewe, akabonyeza mara nyingi kuliko mtihani ulivyohitaji.

Kisha Godeliva akafungua chupa yangu. Aliinyanyua mbele ya mwali, akaona haina punje hata moja, na akageuza kichwa kidogo upande wangu. Nilifurahi kijinga. Akapima, akaongeza maji, akajaza mrija, akazungusha kichujio, akasoma. Akasoma tena. Nikaona kalamu ya wino imesimama juu ya daftari kwa muda ambao haikuwahi kusimama. Halafu ikaandika.

"Pembe?" aliuliza mwenyekiti.

"Digrii kumi na nne," alisema. "Kushoto."

"Kulia," alisema mwenyekiti kwa upole.

"Kushoto, bwana."

Mwenyekiti aliinuka, akaja kuchungulia mwenyewe. Alichungulia muda mrefu.

"Mwalimu, giza unalipata kote, kulia na kushoto," alisema. "Ukizungusha sana kulia utafika palepale. Labda uliweka sukari nyingi mno, mwanga umezunguka kulia mpaka ukakaribia kumaliza nusu duara. Unaona? Hiyo ni kulia, lakini ndefu."

Ilikuwa hoja nzuri. Nilitamani iwe kweli. Godeliva alifikiri kidogo, na alipofungua mdomo Kifaransa hakikutoka.

"Sema lugha unayofikiria nayo," alisema Mama Mkaguzi. "Tutakusikia."

"Nitaipunguza sukari kwa nusu," alisema Godeliva kwa Kiswahili. "Kama ilikwenda kulia safari ndefu, sasa itakwenda nusu ya safari ile, na tutaikuta kulia, mbali kabisa na hapa. Kama ilikwenda kushoto kidogo, tutaikuta kushoto, karibu zaidi na sifuri."

Akamwaga nusu, akajaza maji, akasoma.

"Digrii saba. Kushoto."

Yule wa tatu aliacha kuandika. Mwenyekiti alirudi kwenye kiti chake, akaunganisha vidole, na akasema jambo ambalo nimelifikiria mara nyingi, kwa sababu alilisema kwa wema.

"Mwalimu, umefanya vizuri mpaka hapa. Koili nzuri, kidirisha kizuri. Sukari inageuza mwanga kulia. Kitabu chako kinasema hivyo, changu pia. Andika kulia, tuendelee, tunywe chai. Sitaki kukurudisha nyumbani kwa ajili ya neno moja."

Nililiona lile jembe. Sijawahi kufika kwa kaka yake Giteranyi, lakini nililiona limeegemea mlangoni.

"Nimeona kushoto," alisema Godeliva. "Sijui kwa nini. Nikiandika kulia, kesho mwanafunzi wangu ataona kushoto na mimi nitamwambia hakuona."

"Basi jicho lako au mkono wako una kosa," alisema mwenyekiti, naye sasa akachukua kalamu.

Hapo ndipo nilipoanza kufikiri, na mimi hufikiri polepole. Mkono wake niliujua. Jicho lake nililijua. Mrija ulikuwa ule ule wa kiatu cha Bwana Simeoni, taa ile ile, chumvi ile ile. Kitu kimoja tu kilikuwa kipya katika chumba kile, na kilikuwa kimetoka jikoni kwangu. Sikujua ndimu inaweza kufanya nini kwa sukari. Nilijua tu kwamba iko humo na kwamba hakuna mwingine anayejua. Na nilijua barua mbili ziko kwenye faili langu, na nafasi ya tatu iko tupu, inangoja.

Nilikohoa.

Mwenyekiti aliinua macho. Meza imekohoa.

"Ndimu," nilisema.

"Nini?"

"Iko ndimu ndani. Mi ndo niliweka. Yeye hajui."

"Ndimu," alisema mwenyekiti. "Ndani ya mtihani."

"Mbili."

"Kwa nini?"

"Ili isigande, bwana. Kama kaimati."

Mabega ya Mama Mkaguzi yalianza kutikisika. Alitikisika mpaka miwani ikashuka puani. Lakini alipoweza kusema, hakusema kwa kucheka.

"Ilichemka muda gani, mzee?"

"Adhuhuri mpaka alasiri."

"Eh," alisema, akamgeukia mwenyekiti. "Tindikali na moto. Sukari imevunjika vipande viwili. Kipande kimoja kinavuta kulia, kingine kinavuta kushoto kwa nguvu zaidi. Bwana mwenyekiti, hiyo iko ndani ya kitabu chako pia. Iko mbele kidogo."

Godeliva ndiye aliyefanya kitu. Alikuja mpaka meza ya wakaguzi, akasema "samahani", akachukua kibakuli cha sukari ya chai yao, glasi na kijiko. Akakoroga. Kijiko kiligonga kioo mara tatu, kikanyamaza, kikagonga tena. Akaosha mrija, akajaza, akasoma.

"Kulia," alisema. Akaandika kwa wino, chini ya kushoto. Hakufuta kushoto.

Kisha akamaliza kulinganisha vifaa, kwa maana ndilo lililokuwa swali, na watu wote tulikuwa tumelisahau.

"Koili ninaiamuru, inatii, lakini kidogo na kwa joto jingi," alisema. "Kidirisha kinajua maneno mawili tu, ndiyo na hapana, na kinayasema haraka kuliko vyote. Sukari haipokei amri yangu. Inaniambia ilichofanyiwa kabla haijafika mezani. Nikitaka kuonyesha nguvu ya umeme, nitachukua koili. Nikitaka kuandika namba, kidirisha. Nikitaka kujua ukweli wa kitu ambacho sikukitengeneza mimi, nitachukua mrija."

Tulitolewa nje, wote wawili, wapate kushauriana. Tulisimama uani juani, macho yanauma kwa kutoka gizani. Hakuniangalia.

"Ulitaka kunisaidia," alisema.

"Ego. Ndiyo."

"Usirudie."

"Sirudii."

"Ilikuwa safi sana lakini ile chupa," alisema baadaye. Nikaona kwamba mikono yake, ile mizuri, ameificha ndani ya kitenge.

Walimthibitisha. Yule asiyesema ndiye aliyetupungia mkono kutuita, na mwenyekiti akasoma karatasi kwa sauti yake ya upole, kisha akampa mkono. Mimi alinipa bahasha, barua ya tatu. Nilijibu palepale, kwenye ile nafasi kubwa tupu, kwa mstari mmoja: Niliweka ndimu. Ndiyo barua fupi kuliko zote nilizoandika na ndiyo pekee ambayo haikuniletea maswali.

Baada ya mwezi nilihamishwa. Wakatafuta mahali penye shida ya maabara, wakanipeleka Muyinga, shule ya Godeliva.

"Ndimu mbili," alisema Mama Zuena akifunga sufuria kwenye shuka. "Ndimu mbili, na mi nahama na vyombo vyangu vyote."

Lakini Muyinga hawakuwa na mtu anayejua kaimati za Ujiji, na tangu juma la pili hakulalamika tena.

Miaka iliyobaki ya kazi yangu niliifanya humo, katika darasa tupu ambalo tulilipaka rangi nyeusi mimi na yeye, tukibishana kuhusu chupa iko na nini na chupa ina nini. Kwenye rafu tuliweka chupa mbili. Moja imeandikwa SUKARI. Nyingine imeandikwa SUKARI YA BABA ZUENA, na kila mwaka anawapa wanafunzi hiyo ya pili bila kuwaambia kitu. Wengi huona kushoto na kuandika kulia. Hao huwarudisha kuchungulia tena.

Siku yangu ya mwisho nilikwenda kukabidhi ufunguo. Nilikuwa nimevaa koti, na ndani ya koti nilikuwa na hotuba, kurasa mbili, yenye shukrani na nasaha, mengi yake ni haya mnayoyasoma. Nikafungua mlango. Ndani palikuwa na giza, mwali wa njano, na vichwa vya wanafunzi vimeinama juu ya meza. Nikasimama kizingitini, nikatoa karatasi zangu, nikasafisha koo.

"Baba Zuena," alisema Godeliva, "ingia au toka. Mwanga unaingia."

Wanafunzi walicheka. Niliweka ufunguo juu ya kabati la karibu na mlango. Msichana mmoja, jicho lake likiwa bado kwenye kichujio, aliinua mkono.

"Mwalimu, hii yangu inakwenda kushoto."

"Umeona kushoto?"

"Ndiyo, mwalimu. Lakini kitabu..."

"Andika kushoto," alisema Godeliva, huku anakuja upande wangu. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, muda wa kuhesabu hadi ishirini hivi. Nikatoka. Nyuma yangu akaufunga mlango kabisa.